Likizo Shelisheli: Tunayodhani na Tunayoyakuta

Kwa sisi wa pwani, shelisheli ni tunda kwanza, nchi baadaye. Mama akisikia jina hilo huwaza lile la kukaanga vipande au kupika kwa tui la nazi. Wengine wote ukiwaambia unakwenda huko, wanakuuliza umeoa lini, au umeokota wapi pesa. Ni saa tatu hivi kwa ndege kutoka Nairobi, lakini uvumi unaovuka nao ni mwingi.

"Hakuna visa, basi ni pasipoti na tiketi tu"

Nusu yake ni kweli, na ile nusu nyingine ndiyo inayomwacha mtu kwenye kaunta ya uwanja wa ndege na mabegi yake. Visa haidaiwi kwa raia wa nchi yoyote. Kinachodaiwa ni kibali cha kusafiri, nacho huombwa mtandaoni na kulipiwa kabla hujaondoka. Wanataka kuona tiketi ya kurudi na mahali pa kulala kwa siku zako zote. Ukijaza usiku wa kwanza tu ukidhani mengine utayapanga ukishafika, umejitafutia maswali. Hema nalo liache nyumbani, maana kupiga kambi ufukweni ni marufuku.

Ukitokea Kenya au Uganda, beba cheti cha homa ya manjano, na uwe umechanjwa angalau siku 10 kabla. Watu hukumbuka dawa za malaria, ambayo kule haipo, wakasahau cheti. Dengi hutokea, kwa hiyo dawa ya kupaka ya kufukuza mbu ina kazi yake.

"Twende Desemba, ni kiangazi na bahari imetulia"

Hapa ndipo Mswahili hujidanganya kuliko mgeni kutoka Ulaya, kwa sababu anadhani anazijua pepo. Na kweli anazijua: kusi na kaskazi ni zilezile zinazovuma kule. Kinachogeuka ni mvua. Mombasa kaskazi hutuletea jua kali, na Januari na Februari ni vumbi tupu. Kisiwa cha Mahé, upepo huohuo hufika ukiwa umebeba maji, na Desemba na Januari ndiyo miezi yao ya mvua nyingi. Kusi nayo, ambayo kwetu huanza na masika, kwao huja na ukavu, na Julai na Agosti kuna ubaridi kidogo.

Hiyo haina maana kwamba Julai kila ufuo ni mzuri. Kusi hupiga pande za kusini na mashariki. Bahari huchafuka, na mwani hurundikana ufukweni. Nilipanga chumba Grand Anse, kisiwa cha Praslin, katikati ya kusi, nikivutwa na picha tu. Asubuhi nilifungua dirisha nikakuta mwani umefika magotini na harufu yake haina haja ya kuelezwa. Mwenye nyumba, mama mmoja mpole, alinitazama kama mtu aliyekuja arusini siku ya pili. "Panda basi uende Anse Lazio," akasema. Ni upande wa pili wa kisiwa, kaskazini magharibi, na maji yalikuwa kama ya kwenye birika. Ningekwenda Januari, mambo yangegeuka: Anse Lazio ingekuwa na mawimbi.

Kwa hiyo kabla ya kulipia chumba, tazama ramani na uulize ufuo umeelekea wapi. Kwenye Mahé, Beau Vallon hutulia wakati wa kusi. Kwenye La Digue, Grand Anse (jina hili utalikuta kwenye visiwa kadhaa) ni pazuri kwa macho, lakini mkondo wake wakati wa kusi huvuta hata anayejua kuogelea. Kama unaweza kuchagua mwezi, chagua maleleji, Aprili au Oktoba hivi, pepo zinapopokezana na maji kuwa maangavu. Ukivuka kwa boti ya kasi kutoka Mahé kwenda Praslin wakati wa kusi, meza kidonge cha kichefuchefu kabla ya kupanda. Si baada.

"Ni nchi ya matajiri"

Si rahisi, sikufichi. Vyakula vingi huagizwa kutoka nje, na bei zake zinaonyesha. Lakini kinachomaliza pesa zaidi ni kurukaruka. Mtu ana siku sita, anataka visiwa vinne. Boti, teksi, boti tena. Viwili vinatosha. Chukua nyumba ya wageni yenye jiko, nunua samaki jioni, na mchana kula kwenye vibanda vya chakula cha kubeba, mchuzi wa samaki na wali kwenye boksi. Mabasi ya umma yanafika karibu kila pembe ya Mahé kwa nauli ndogo, ila usitegemee kupanda na sanduku kubwa. La Digue watu huendesha baiskeli.

Na fukwe zote ni za umma, hata ile iliyo mbele ya hoteli ya kifahari. Anse Source d'Argent ndiyo inayowachanganya watu, kwa kuwa njia ya kufika hupita kwenye shamba la L'Union, ambako kuna kiingilio.

"Ni mchanga na minazi tu"

Beba viatu vya kupandia mlima. Mlima Morne Seychellois, kisiwani Mahé, una mita 905.

"Huko hakuna letu"

Hii huniudhi kidogo. Mwaka 1899 Waingereza waliwapeleka uhamishoni huko Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro. Mwanga alifia hukohuko mwaka 1903. Kabla yao, jeshi la majini la Uingereza liliteremsha pale zaidi ya watu elfu mbili waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa kutoka pwani yetu. Ukipanda barabara ya Sans Souci, juu ya mji wa Victoria, utakuta magofu ya shule ya misheni iliyosomesha watoto wa watu hao. Simama pale dakika kumi. Usiku, ukibahatika, utasikia ngoma ya moutya, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi mwaka 2021, na mguu wako utaitika bila kuuliza.

Lugha ya mitaani ni Krioli. "Bonzour" na "mersi" vinafungua milango, na Kiingereza kinaeleweka. Shelisheli la kula nalo wanalo tele, la kukaanga na la kuchemsha kwa nazi, na wanasema anayelila lazima atarudi. Wao huliita friyapen. Nilipomweleza mama yangu hilo, alinyamaza, kisha akauliza: "Sasa sisi tumewasingizia bure miaka yote hii?"