Mrithi si lazima awe mtegemezi

Mtumishi wa serikali Zanzibar hustaafu kwa lazima akifika miaka 60. Akifariki na miaka 43, michango yake ya uzeeni haiendi naye kaburini, wanaipata aliowaacha. Hayo ndiyo mafao ya warithi. Kwanza ulizeni marehemu alikuwa akikatwa michango ya mfuko gani. Mwalimu wa skuli ya serikali pale Wete yumo ZSSF, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar ulioanzishwa 1998, lakini jirani yake aliyeajiriwa na serikali ya Muungano atatafutwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma wa Muungano.

Ugomvi mwingi wa baada ya khitma unatokana na maneno mawili. Mtegemezi ni yule aliyekuwa akilishwa na kusomeshwa na marehemu. Mrithi ni yule anayetajwa na sheria ya mirathi, awe alitegemea au hakutegemea. Mtoto wa kulea anaweza kuwa mtegemezi wa kweli kabisa na asirithi hata shilingi, na kaka mwenye duka lake Darajani akarithi ikiwa marehemu hakuacha mtoto wa kiume wala baba. Pensheni ya kila mwezi kwa waliobaki, pale sheria ya mfuko inapoitoa, humfuata mtegemezi. Haki ambayo marehemu alikwishaichuma, kama mshahara ambao hakuuchukua, ni tarika, yaani mali aliyoiacha, na tarika inagawiwa kwa mafungu baada ya madeni kulipwa.

Tuseme mwalimu wetu ameacha mke, mama, mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, na tarika ni shilingi 9,600,000. Mke ana thumni, yaani moja ya nane, 1,200,000. Mama ana sudusi, moja ya sita, 1,600,000. Naam, mama anampita mke, na hapo ndipo nyuso zinapokunjana. Kinachobaki ni cha watoto, kijana mara mbili ya binti: kijana anapata 3,400,000, kila binti 1,700,000. Angekuwa na wake wawili, wangegawana thumni ile ile, 600,000 kwa 600,000. Akiwapo mwenye mimba, aliyemo tumboni naye anahesabiwa.

Mke aliyepewa talaka rejea, ile ambayo mume anaweza kumrudia ndani ya eda, muda wake wa kungoja, mume akafa eda haijesha, bado anarithi. Wengi humfukuza matangani kwa kutojua, kumbe sasa anaanza eda ya miezi minne na siku kumi kama mjane yeyote asiye na mimba.

Kuthibitisha nani mrithi kwa Muislamu ni kazi ya vyombo vya kisheria kama Mahakama ya Kadhi, si ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani, wala ya mkubwa wa ukoo, ingawa barua ya sheha na cheti cha kifo mtavihitaji njiani.

Na ile fomu ya ajira inayouliza nani apewe fedha mtu akifa? Mtu huijaza ana miaka 24, hajaoa, akaandika jina la mama au dada, kisha hairudii tena. Katika mirathi ya Kiislamu, kuandikwa kwenye karatasi hakumpi mtu fungu la mwenziwe: aliyepokea fedha za tarika kwa niaba ya wote ameshika amana. Lakini afisa wa dirishani huanza na karatasi iliyo mbele yake, na dada aliyeandikwa mwaka 2004 ndiye atakayepigiwa simu.