Laivu ya Christchurch waliiona wachache, kilichotuzidi ni nakala

Kila ikisambaa video ya mtu kuuawa laivu naulizwa swali lile lile, hivi hao Facebook na mahela yote yale wanashindwaje kufuta video moja? Kazi yangu ni hizi programu za kutambua na kuchuja video, kwa hiyo ngoja nieleze, na nitatumia Christchurch kwa sababu Facebook wenyewe walitoa namba zao hadharani, kitu ambacho kwa kawaida hawakipendi.

Ijumaa ya tarehe 15 Machi 2019 jamaa alivamia misikiti miwili mjini Christchurch kule New Zealand, akaua waumini 51 (jina silitaji, hata waziri mkuu wao wa wakati huo Jacinda Ardern aligoma kulitaja bungeni). Alijirusha laivu Facebook dakika 17. Sasa sikia, wakati laivu inaendelea ilitazamwa chini ya mara 200, na hakuna hata mmoja aliyeripoti, ripoti ya kwanza iliingia dakika ya 29 toka ianze yaani laivu yenyewe ilishaisha. Mpaka inafutwa ilikuwa imetazamwa kama mara 4,000 tu. Halafu ndani ya saa 24 Facebook wakafuta video milioni 1.5! Milioni 1.2 na ushee zilidakwa mtu akiwa anaaplodi, hizo nyingine kama laki tatu zilipenya kwanza.

Zilipenyaje? Huu mfumo wa kudaka nakala haujui damu wala maiti. Unachukua video iliyokwisha kukaguliwa, unaipigia hesabu, unapata namba ndefu ambayo ni kama alama ya kidole ya hiyo video, halafu kila kinachoaplodiwa kinalinganishwa nayo. Faili lile lile likirudi linadakwa hapo hapo. Ila mtu akikata pembeni, akibandika maandishi, akigeuza kushoto kuwa kulia, au akirekodi kwa simu kutoka kwenye tivii (hii ndio inatutesa kuliko zote), namba inabadilika. Unaweza kulegeza ulinganishaji ukubali tofauti ndogo ndogo, lakini ukilegeza sana utajikuta unafuta mpaka taarifa za habari, ukikaza zinapita. Kwa Christchurch walikuta nakala za aina zaidi ya 800, ikabidi wazisake hadi kwa sauti.

Wanaozitengeneza wako wa aina mbili. Kuna wanaojua wanachofanya, kabla Facebook hawajaambiwa kitu mtu wa 8chan (jukwaa la mtandaoni ambako watu wanaandika bila kujitaja majina) alikuwa keshatupia linki ya nakala. Na kuna watu wa kawaida tu, wamepandwa na hasira, wanataka ndugu zao waone wenzetu walivyofanyiwa, hawa kwa kweli nashindwa hata kuwagombeza, ila nakala yao inatusumbua vile vile.

Ndio maana nawaambia waandishi wa habari waache kung'ang'ania spidi ya kukata laivu. Buffalo, Marekani, Mei 2022, jamaa mwingine alijirusha laivu akiua watu, Twitch (mtandao wa kurusha video laivu) walikata ndani ya dakika mbili toka risasi zianze, na bado kopi moja kwenye Streamable, tovuti ya kuweka video, ikatazamwa zaidi ya mara milioni 3.

Halafu zile ambazo mashine haina uhakika nazo lazima binadamu azitazame. Kwa miaka kadhaa za ukanda wetu zilikuwa zinatazamwa Nairobi, na ripoti za daktari zilizofika mahakamani Kenya 2024 zinaonyesha wakaguzi zaidi ya 140 wamepata ugonjwa wa kiwewe. Mtu amekaa kwenye kiti anatazama kifo kile kile kimekatwa kwa namna mpya, zamu nzima.

WhatsApp ndio usiseme, meseji zimefungwa toka simu hadi simu, kampuni haioni ndani kwa hiyo ile alama ya kidole ya video haina pa kulinganishwa. Pale kichujio ni admini wa group na simu yako wewe. Ingia mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, zima video zisijidaunlodi zenyewe, halafu rudi sehemu ya gumzo (Chats) uzime na ile ya kuzihifadhi kwenye galari, hasa kama watoto wanachezea hiyo simu.