Tamasha la taarab na bajeti ya utafiti wa usonji

Rasimu ya bango ilinifikia kwa WhatsApp wiki tatu kabla ya tamasha. Chini ya picha ya kikundi cha taarab cha mtaani kwetu, hapa Mombasa, waandaaji walikuwa wameandika kwa herufi kubwa: "Changia tiba ya usonji." Niliwaomba waliondoe neno "tiba" na waweke "utafiti". Walinyamaza siku nzima, nami siwalaumu, kwa kuwa waliponiomba niwe mshauri wao hawakutarajia nianze kwa kukitia kitumbua chao mchanga.

Usonji si maradhi yanayosubiri dawa. Ni namna ubongo unavyokua tangu mapema, na huathiri jinsi mtu anavyowasiliana na wenzake, anavyopokea sauti, mwanga na mguso, na anavyoshikilia mazoea yake. Mtoto husaidiwa kusema, kucheza na kusoma, na msaada huo una thamani kubwa, lakini anayechangisha fedha kwa jina la tiba huwauzia wazazi ahadi asiyoweza kuitimiza. Baada ya neno hilo kuondolewa, waandaaji waliniuliza swali la haki kabisa: mapato ya ukumbi mmoja, katika usiku mmoja, yanaweza kugharimia utafiti gani?

Kazi yangu ni kupima ukuaji wa watoto, kwa hiyo nitajibu kwa mfano ninaoujua. Usonji hautambuliwi kwa kipimo cha damu wala kwa picha ya ubongo. Hutambuliwa kwa kumtazama mtoto akicheza na kwa kumhoji mzazi, na madodoso tunayoyatumia kwa sehemu kubwa yalitungwa Marekani na Uingereza. Mojawapo ni M-CHAT-R, lenye maswali 20, la kuchuja watoto wa miezi 16 hadi 30. Swali moja humtaka mzazi aeleze kama mtoto humtazama machoni anapozungumza naye au anapomvisha nguo. Nilipomsomea bibi mmoja tafsiri yetu ya kwanza, alinikatiza: "Mjukuu wangu hana macho makavu, ana adabu zake." Kwake, mtoto anayemkazia mtu mzima macho ni mkavu wa macho, yaani hana haya. Alikuwa amejibu swali la malezi ilhali mimi nilidhani nimemuuliza swali la ukuaji, na kama ningeandika tu "hapana" katika fomu, mtoto yule angepata alama ya shaka asiyostahili.

Swali la mchezo wa kuigiza lilitusumbua vilevile. "Je, mtoto hujifanya anakunywa kwenye kikombe kitupu?" ni sentensi sahihi kisarufi, ila mtu anayejifanya, katika mazungumzo yetu, ni mwenye maringo au mwongo, na akina mama kadhaa walikana kwa nguvu kwamba watoto wao wana tabia hiyo. Tulipouliza kama mtoto hucheza kupikapika kwa mchanga na vifuniko vya chupa, walicheka na kutusimulia mambo mengi. Hata ADOS, kipimo cha kutambua usonji kwa kumtazama mtoto akicheza, kinachofanywa na mtaalamu aliyepewa mafunzo maalumu na huchukua kati ya dakika 40 na saa nzima, kina sehemu ambapo mtoto humfanyia mwanasesere sherehe ya siku ya kuzaliwa. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuzima mshumaa juu ya keki hubaki akimtazama mpimaji, na mpimaji asipokuwa makini huusoma ukimya huo kama dalili.

Hapo ndipo fedha za tamasha zinapoingia. Mtafsiri mmoja huleta dodoso katika Kiswahili, mwingine ambaye hajaona asili yake hulirudisha katika Kiingereza, kisha matini mbili hulinganishwa neno kwa neno. Wazazi huketi nasi kueleza walivyolielewa kila swali, na baada ya marekebisho dodoso hujaribiwa kwa watoto ambao pia watachunguzwa na mtaalamu asiyejua matokeo ya dodoso. Kabla ya hayo yote lazima kamati ya maadili iridhie na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayoidhinisha utafiti nchini Kenya, ipatikane. Hakuna mashine ya bei ghali katika orodha hii. Kuna nauli, ujira wa watafsiri, uchapishaji, chai ya wazazi na siku nyingi za kazi. Kilifi, kilomita zipatazo 60 kutoka hapa, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome Trust wamekuwa wakiunda vipimo vya ukuaji kwa vifaa anavyovijua mtoto wa Pwani, kwa hiyo hatuanzii jangwani.

Kwa wanaodhani kwamba utafiti mdogo hauna uzito, huwatajia ule wa Susan Folstein na Michael Rutter, uliochapishwa mwaka 1977 nchini Uingereza. Walichunguza jozi 21 tu za mapacha. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, 4 zilikuwa na watoto wote wawili wenye usonji. Katika jozi 10 za wasiofanana, hapakuwa na hata moja. Wakati huo walikuwapo wataalamu, Bruno Bettelheim akiwa mashuhuri kati yao, waliomlaumu mama kwa ubaridi wa malezi, na hesabu ile ndogo ilielekeza macho kwenye urithi. Hapa kwetu mama bado huambiwa kwamba mtoto amechezewa au ana jini, na ningependa siku moja awe na majibu yaliyopatikana kwa lugha yake.

Kuhusu ukumbi nina sharti moja kubwa. Katika mazoezi ya Jumamosi alikuja mvulana wa miaka sita na mama yake. Spika ilipopiga mluzi, aliziba masikio na kujiviringisha chini ya kiti. Fundi alipoizima, alitambaa mpaka kwenye kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, akaweka shavu juu ya ubao wake na kubaki hivyo wimbo mzima, mpigaji akipiga taratibu ili asimshtue. Kwa hiyo safu za nyuma, mbali na spika, zimetengwa kwa familia hizi, na chumba cha pembeni kitakuwa kimya, chenye taa hafifu na mikeka.

Limebaki suala la tuzo. Katika tamasha moja nililolishauri zamani, noti ambazo hadhira iliwatunza waimbaji ziliishia kwenye mikoba isiyohesabiwa na yeyote, na ugomvi wake ulidumu kuliko muziki. Safari hii kikundi kitalipwa kiasi kilichokubaliwa, na itatangazwa kabla ya wimbo wa kwanza kwamba tuzo zote ni za mfuko wa utafiti, zitakazohesabiwa mbele ya wazazi wawili usiku uleule. Mwimbaji mkuu amekubali, ila amesisitiza kwamba noti lazima zipite mkononi mwake kwanza, kwani haijawahi kuwa taarab mtu akatunza sanduku. Basi sanduku litashikwa na kijana atakayesimama kando yake, naye ameshaagizwa avae kanzu.