Kabla ya kuzihesabu nukuu, zisome

Kila ninapokabidhiwa wasifu wa mtafiti wa tiba niutathmini, swali la kwanza huwa lilelile: h yake ni ngapi? Najibu, kwa sababu nimeulizwa. Kisha naomba siku mbili za kusoma.

Kipimo cha h, kinachompima mtafiti kwa mara ambazo makala zake zimenukuliwa na watafiti wengine, kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Zipange makala za mtafiti kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Tuseme zimenukuliwa mara 48, 31, 17, 9, 6, 6, 4 na 1. Teremka nazo ukihesabu, maadamu nukuu za makala hazipungui nafasi yake: ya sita ina nukuu sita, ya saba ina nne tu. Hapo unasimama, h ni 6. Sasa ile ya juu, badala ya 48, ipe 4,800. h haitikisiki, ni 6 ileile. Makala iliyobadilisha jinsi ugonjwa unavyotibiwa imemezwa na hesabu. Tena h haishuki hata mtafiti akiacha kazi, kwa hiyo kijana hana namna ya kushindana na mkongwe.

Jambo jingine: h hutegemea umeitoa wapi. Google Scholar huhesabu hata tasnifu na rasimu ambazo hazijapitiwa na wataalamu, ilhali hifadhidata za Scopus na Web of Science huchagua majarida ya kuyaorodhesha. Mtu mmoja, namba tatu. Ukinitajia h bila kunitajia hifadhidata, bado sijajua kitu. Majina yanayofanana nayo huchanganya kazi za watu wawili; ndiyo maana nasisitiza namba ya ORCID, kitambulisho cha pekee cha kila mtafiti, yenye tarakimu 16, iliyoanza kutumika mwaka 2012.

Lakini kinachonikesha ni nukuu zenyewe. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyodai kuwepo uhusiano kati ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Ilifutwa mwaka 2010. Imenukuliwa mno, na wengi walioinukuu walikuwa wakiipinga au wakiitolea mfano wa utafiti uliopotoka. Kompyuta haijui hasira wala sifa. Kila nukuu kwake ni moja.

Upande wa pili kuna makala ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, iliyonukuliwa zaidi ya mara 300,000. Inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini maabara, basi. Waliofuata njia hiyo walilazimika kuitaja. Ni kazi yenye manufaa makubwa, lakini wingi wa nukuu zake ni wa chombo kinachotumiwa na kila mtu.

Na wapo wanaocheleweshewa haki yao. Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha mwaka 2005 jinsi ya kuibadilisha mRNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, isiamshe uvimbe mwilini. Miaka ilipita kabla dunia haijageuka kuwatazama. Chanjo za mRNA dhidi ya Uviko-19 zikajengwa juu ya kazi hiyo, na Tuzo ya Nobel ikaja 2023. Kipimo cha athari cha jarida (impact factor), ambacho hutazama nukuu za makala za miaka miwili tu iliyotangulia, hakikuundwa kuona kitu kama hicho. Kiliundwa kupima majarida, na kukitumia kumpima mtu ni kumwonea.

Kwa hiyo nafanya hivi. Nachagua makala tano za mtafiti, natazama jina lake limekaa wapi (wa kwanza mara nyingi ndiye aliyefanya kazi, wa mwisho ndiye aliyeisimamia), kisha nasoma sentensi zilizomnukuu. "Tulifuata mbinu ya..." hiyo imetumika. "Tafiti nyingi zimeonyesha..." ikifuatwa na majina kumi, hiyo ni salamu tu. "Kinyume na matokeo ya..." hapo nasimama nisome makala zote mbili. Nukuu ninayoitafuta kwa hamu zaidi ni ile iliyo ndani ya mwongozo wa matibabu, maana kutoka hapo daktari anaandika dawa.

Wasifu mmoja niliousoma ulikuwa na h ya 9. Jaribio moja la mtafiti huyo lilikuwa limetajwa kwenye mwongozo wa aina hiyo, mahali panapoamua kipimo cha dawa cha watoto. Ripoti yangu ilikuwa na kurasa mbili. Moja nzima niliiandika juu ya jaribio hilo. h niliiweka mstari wa mwisho, pamoja na jina la hifadhidata.