Mtu wa njano, mtu wa buluu: imani za mafundi wa Lubumbashi kuhusu mashine zao

Hapa Lubumbashi mtu anazaliwa wa timu ya Mazembe au ya Lupopo. Akishika kazi ya chuma au ya mbao anazaliwa mara ya pili: anakuwa mtu wa Makita au wa Bosch, mashine za buluu, au wa DeWalt ya njano. Na kama ilivyo kwenye mpira, mara nyingi hakuchagua mwenyewe, alirithi kwa bosi aliyemfundisha. Mimi nilifundishwa na mzee mmoja aliyetoka kwenye karakana za Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi. Spana yoyote isiyoandikwa Facom aliita bati. Nilipofungua sehemu yangu ya kutengeneza milango na grili za madirisha nilikuja na imani hiyo yote kichwani. Nyingine bado ninazo. Nyingine zimenila pesa.

Dhana: Kila jina lina kiwanda chake na ukoo wake

Nimeshuhudia mafundi wawili wakinuniana asubuhi nzima, mmoja wa Facom, mwingine wa Stanley. Hawakujua kwamba tangu 2006 Facom ya Wafaransa ni mali ya Stanley ya Wamarekani. Mwaka 2010 Stanley ikaungana na Black & Decker, na DeWalt imo humohumo. Milwaukee nayo, ambayo watu wanaiona Marekani tupu, ilinunuliwa mwaka 2005 na kampuni ya TTI ya Hong Kong, na kampuni hiyo inauza pia mashine zenye jina la Ryobi. Hitachi ya kijani ambayo wazee wanaisifu ilibadilishwa jina mwaka 2018 ikawa HiKOKI. Kwa hiyo ukionyeshwa sokoni Hitachi “mpya ya mwaka huu”, uliza imelala wapi miaka yote hiyo.

Kisa ninachokipenda ni cha ile rangi ya njano. Black & Decker walikuwa wameinunua DeWalt tangu 1960. Miaka ya tisini ilipoanza, mafundi wa Marekani walikuwa wakikimbilia Makita na kuikataa Black & Decker. Sababu? Jina hilohilo lilikuwa kwenye pasi na mashine ya kahawa kule nyumbani. Nani aende kwenye ujenzi na jina la pasi ya mke wake? Kampuni ikatoa jina la DeWalt stoo, mwaka 1992 ikalipaka njano, ikaahidi na matengenezo ya haraka. Mafundi walewale wakapanga mstari. Tusiwacheke sana, mimi mwenyewe nimewahi kuacha drili nzuri mezani kwa sababu ilikuwa na rangi ya mashine za akina mama wa saluni.

Dhana: Ikiwa ya China, ni feki

“Papa, hii njo orijinali, haiko ya Chine,” kijana wa soko la Mzee Kabila aliniambia, akinipa grenda ndogo, mashine ya kukata na kusaga chuma, ya diski ya milimita 115. Lakini Makita wenyewe wana kiwanda China, kama walivyo nacho Japani, na Bosch vilevile wanatengeneza huko. Neno China kwenye bamba halikuambii kama mashine ni mbaya. Feki ni ile inayodanganya jina lake, hata ingesema imetoka Ujerumani.

Ile ya kijana nilianza kwa kuipima mkononi. Nyepesi. Nikasoma bamba: wati 2000. Grenda ndogo za kampuni zenye sifa nyingi ziko kati ya wati 700 na 1400, na waya wa hii ulikuwa mwembamba kama wa kuchaji simu. Nikamwomba bisibisi, nikafungua kifuniko cha pembeni panapokaa sharboni, yale makaa mawili madogo yanayopeleka umeme kwenye mota inayozunguka. Moja lilicheza ndani ya nyumba yake kama jino la mtoto. Nikamrudishia. Hakukasirika, alicheka tu, akasema nyingine iko chini ya meza. Hiyo ya chini ya meza ilikuwa nzuri, na bei yake nayo ilikuwa nyingine.

Dhana: Ya bei kubwa inakaa, ya bei ndogo inakufa

Hii ndiyo iliyoniuma. Nilinunua grenda ya jina kubwa, halisi kabisa, na karatasi zake. Haikufika miezi minane. Jirani yangu wa karakana alikuwa na ya bei ya theluthi moja. Amebadilisha sharboni mara nne na bado anakata nondo nayo.

Kosa halikuwa la kiwanda. Jioni umeme wa mtaa wetu unashuka sana chini ya zile volti 220, na mimi nilikuwa nauvuta kwa ralonji, waya wa kurefushia umeme, ndefu na nyembamba, ambayo nayo inakula volti njiani. Mota ya grenda ikikosa volti inapunguza mwendo. Feni inayoipoza iko kwenye mhimili uleule, kwa hiyo nayo inalegea. Fundi akiona diski haikati anaegemea. Mota inavuta mkondo mwingi zaidi, haipati hewa, na shaba iliyomo ndani inaungua. Utaijua kwa harufu kabla ya moshi. Jirani yangu anafanya kazi asubuhi, na waya wake ni mnene na mfupi. Basi.

Likaja la vipuri. Sharboni za ile mashine yake zinauzwa mezani pale soko la mtaa wa Kenya, hapahapa mjini, unapata na chenji. Kipuri changu kilibidi kipitie kwa dereva wa lori, mpaka wa Kasumbalesa na Zambia, wiki tatu, na kilichofika hakikuwa chenyewe. Siku hizi kabla ya kuuliza bei nauliza nani hapa mjini anaifungua mashine hii, na ana nini kwenye bati lake la vipuri. Anayeng’ang’ania jina moja kwa sababu fundi wake wa matengenezo analijua, huyo simwiti mjinga. Anajua hesabu.

Dhana: Betri ya volti 20 inaishinda ya 18

Ni betri ileile. Ndani mna seli tano zilizopangwa mstari. Kila seli ina kama volti 4 ikiwa imejaa na 3.6 katika kazi ya kawaida. Zidisha mwenyewe. DeWalt inaandika 20 Marekani na 18 Ulaya. Ila kwenye betri uaminifu una maana: ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye mashine ya nyingine, na ukishakuwa na nne umeshaolewa.

Dhana: Mashine ya jina inalinda mkono

Hailindi. Diski ya milimita 230 kwa kawaida imeandikwa mwisho wa mizunguko kama 6,600 kwa dakika. Grenda ndogo inazunguka kama 11,000. Wapo wanaovua kinga ili ile kubwa iingie kwenye ndogo, eti ni Bosch. Diski ikipasuka haisomi jina.

Dhana: Chuma kama cha enzi za Wabelgiji hakuna tena

Mzee wangu aliamini hivyo. Ni kweli spana zake za zamani zipo hadi leo, lakini zile zilizovunjika zilikwenda kwenye chuma chakavu zamani, hatuzioni tukazihesabu. Maandishi CR-V yanakuambia chuma kimechanganywa na kromu na vanadi. Hayakuambii kama kiliokwa na kupozwa sawasawa, na ugumu unatoka hapo. Mimi nakwenda sokoni na boliti moja ya kichwa cha milimita 17 mfukoni. Spana ikicheza juu yake naiacha, maana kesho italainisha pembe za boliti ya mteja.

Mwezi uliopita kijana wangu wa kazi alipata pesa ya grenda yake ya kwanza, akaniuliza anunue ipi. Nilimpeleka kwanza kwa yule anayetutengenezea mashine. Akamwaga bati lake la biskuti mezani, tukaangalia sharboni za aina ipi ndizo nyingi. Akanunua hiyo. Rangi yake siipendi mpaka leo.