Nywele Zimerudi, Dawa Bado

"Sista, huyu si keshapona? Mtazame alivyonona."

Wiki iliyopita nimeambiwa maneno hayo mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa kwa bibi aliyemleta mjukuu wake kliniki wiki nzima baada ya tarehe niliyomwandikia. Mtoto kanona kweli. Nywele zimemrudia, laini kama za kichanga, skuli kesharejea, na wakati tunazungumza alikuwa anakimbizana na wenzake barazani. Bibi yake akanihesabia yote hayo kidole kwa kidole. Nikamwomba chupa ya dawa.

Nilikuwa nimempa vidonge 28 vya merkaptopurini, dawa ya saratani ya damu, kimoja kila usiku. Nilivimimina kwenye sinia ndogo nikavisogeza viwili viwili mbele yake. Vilibaki 11. Siku 35 zimepita, mtoto kameza vidonge 17. Usiku 18 kalala bila dawa.

"Siku akichoka nampa, sista. Siku akiwa mzima namhurumia, dawa zenyewe kali hizi."

Alisema kwa mapenzi, na ndiyo maana jambo hili linaniuma kuliko yote ninayoyasikia kliniki. Mtoto anayetapika na kulia haachwi na mtu, kila mmoja humkimbilia. Anayetuponyoka ni yule aliyependeza. Mimi ni muuguzi mratibu wa watoto wenye saratani wanaotibiwa wakiwa nyumbani, wa Unguja na wanaovuka kutoka Pemba, na nasema bila kusita: mtoto anayenitia wasiwasi zaidi ni yule ambaye familia nzima inaona hana tena ugonjwa.

Basi nieleze, safari hii kwa maandishi, maana kwa mdomo nimechoka.

Leukemia kali ya watoto, yaani saratani ya damu, ile ya limfoblasti, hutibiwa kwa miaka 2 hadi 3. Wiki 4 au 5 za mwanzo ndizo kali. Mtoto hulazwa, nywele hudondoka, na mwisho wa hapo tunachukua uboho na kuutazama kwa darubini. Watoto wengi sana hufika hapo uboho ukiwa safi, na wazazi hulia kwa furaha. Nami hufurahi nao. Lakini mtoto huyo siku anagunduliwa alikuwa na seli mbaya zinazokaribia trilioni 1. Darubini inaposema hazionekani, bado mwilini zinaweza kuwamo mabilioni. Darubini haina jicho la kuziona hizo. Dawa ndiyo inayozifuata, mwezi baada ya mwezi, na sehemu ndefu kabisa ya kazi hiyo hufanyika nyumbani kwako, kwa kidonge cha usiku, mtoto akiwa na nywele zake na anacheza mpira. Nywele hurudi kwa sababu dawa za awamu hii ni za polepole. Si kwa sababu ugonjwa umeondoka.

Utafiti uliofanywa Marekani kwa watoto wa leukemia ulionesha kwamba anayekosa zaidi ya dozi 1 katika kila 20 hatari yake ya ugonjwa kurudi inapanda sana. Dozi 1 katika 20 ni kama siku moja na nusu kwa mwezi. Mjukuu wa yule bibi alikosa 18. Na ugonjwa ukirudi, haurudi pale tulipouacha. Unarudi umezoea dawa zetu.

Kwa kweli nilijua kabla ya kuhesabu vidonge. Karatasi ya damu ya asubuhi ile ilisema neutrofili, zile chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu, ni 4,200. Bibi aliposikia chembe za damu ziko juu alisema alhamdulillahi. Katika awamu hii tunataka neutrofili zicheze kati ya 500 na 1,500, kwa sababu dawa ikifanya kazi yake lazima izishushe kidogo. Damu ya mtoto wa awamu hii ikiwa "nzuri" kupita kiasi, mimi humuuliza mzazi kuhusu chupa.

Kwenye imani hiyo kwamba mtoto keshapona ndiko ilikozaliwa dhana ya pili, kwamba muuguzi mratibu ni mwandika tarehe. "Tarehe tu, sista, si naweza kukupigia ukanitajia?" Tarehe ile imepangwa kwa hesabu ya damu. Kabla ya kila kemo, yaani dawa za kuua saratani, natazama neutrofili na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na zikiwa chini dawa inasubiri. Napanga na Hospitali ya Muhimbili siku ya kuvuka Dar es Salaam ili mtoto akute kitanda na dawa, asije akalala kwa jamaa siku 4 anangoja. Kama atahitaji mionzi, ni Ocean Road, hospitali ya saratani huko huko Dar, na hiyo ina foleni yake. Nampigia mama aliyeko Micheweni siku 2 kabla, maana lazima kwanza ashuke hadi bandari ya Mkoani apande boti ya Unguja, na bahari ikichafuka boti haiondoki. Msimu wa karafuu ndio mgumu kuliko yote: wiki hizo wazazi wa Pemba simu hawapokei, wako juu ya mikarafuu, na siwalaumu, ndiyo pesa ya mwaka. Siku hizi nauliza mapema nani katika nyumba hachumi, nachukua namba yake. Ukiruka tarehe moja umenivunjia mnyororo wote huo, na anayeumia ni mtoto.

Kuna kosa jingine linalonitisha kuliko hata kukosa dawa. Mtoto wa awamu hii ana vidonge vya aina mbili: merkaptopurini kila usiku, na methotreksati mara moja kwa wiki. Vile tunavyovipata mara nyingi vyote ni vya manjano. Methotreksati ikitolewa kila siku kwa kudhani ni ile nyingine, kinywa hugeuka kidonda kitupu, uboho huzima, na mtoto anaweza kufa. Kwa hiyo methotreksati siitii chupani. Naitia kwenye bahasha, naandika IJUMAA kwa wino mwekundu, na bahasha inatundikwa juu mbali na watoto. Nimechagua Ijumaa kwa kuwa katika visiwa hivi hakuna anayeisahau. Ile ya kila usiku, baada ya Isha. Kisha simuulizi mzazi "umeelewa?" kwa sababu kila mtu hujibu ndiyo. Namwambia anihadithie mimi, tangu magharibi mpaka kulala, nani anatoa, anatoa kipi, chupa inakaa wapi. Yule bibi alinihadithia mara 3. Mara ya tatu alipatia.

Mengine nayapitia haraka, si kwa sababu ni madogo.

"Kachemka usiku, nikampa panadoli, asubuhi katulia." Kwa mtoto wa kemo joto la 38 na kwenda juu ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, ambapo neutrofili ziko chini kabisa. Panadoli inaficha joto, bakteria wanabaki kwenye damu. Anatakiwa apate antibayotiki ya mshipa ndani ya saa 1 tangu afike. Ukiwa Pemba usisubiri boti ya asubuhi. Nenda hospitali ya Abdalla Mzee, au Chake Chake, au Wete, yoyote iliyo karibu, onesha barua yangu mlangoni, na nipigie ukiwa njiani. Asichomwe sindano ya msuli na asitiwe dawa ya njia ya haja kubwa. Ukinunua kitu kimoja tu kwa ajili ya mtoto huyu, nunua kipimajoto. Mkono kwenye paji la uso haupimi.

"Sindano ya mgongo inalemaza." Hii imewafanya wazazi watoroke na watoto. Sindano inaingia chini ya pale kamba ya mishipa ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo inapoishia, ndani ya maji tu, na dawa inatiwa humo kwa sababu ile ya mshipani haifiki vya kutosha kwenye ubongo, na leukemia hupenda kujificha huko. Kichwa kinaweza kuuma baadaye. Alazwe chali, anywe maji. Kilichowalemaza wale mnaowataja mara nyingi ni saratani yenyewe iliyofika kwenye mishipa ya fahamu bila kutibiwa.

"Tumbo gumu, tumpeleke akakandwe." Tafadhali. Tumbo la mtoto lililovimba upande mmoja halikandwi wala halichuliwi na mtu yeyote, awe mkunga, awe bibi, awe nani. Huenda ni uvimbe wa figo, na uvimbe wa figo ukipasuka humwaga seli tumboni. Mtoto ambaye angepona kwa upasuaji na dawa chache anaongezewa dawa, tena na mionzi juu yake. Hata sisi wauguzi tunawazuia wanafunzi wasilibonyeze bonyeze.

Kombe, yale maji yanayooshewa aya zilizoandikwa sahanini, silikatazi. Nimezaliwa humu, najua mama anachokitafuta kwenye kombe, na sina haki ya kumnyang'anya. Ninachokataa ni maji ya kisima yasiyochemshwa kwenda tumboni kwa mtoto asiye na kinga. Chemsha maji, yapoe, ndipo mpelekee anayeandika. Hakuna shehe aliyewahi kunigombeza kwa hilo. Hijama, yaani kuumikwa, ni habari nyingine: mtoto ambaye chembe sahani zake ziko chini akichanjwa ngozi, damu haikatiki. Hiyo nakataza kabisa mpaka matibabu yaishe.

Mitishamba pia inanipa kazi. "Ni majani tu, hayana sumu." Vinkristini, dawa tunayompa karibu kila mtoto wa leukemia, asili yake ni mmea wa Madagascar wenye maua ya rangi ya waridi, ule ule unaoota kwenye nyua zetu na watu wanaupita. Kwa hiyo sidharau miti hata kidogo. Lakini dozi ya vinkristini kwa mtoto mkubwa haizidi miligramu 2, ikizidi inaharibu mishipa ya fahamu. Ukichemsha sufuria ya majani, unajua umemnywesha miligramu ngapi? Na ini lake limekwisha kubeba methotreksati ya Ijumaa.

"Bila India hapati kitu." Limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi, ile inayovimbisha taya mpaka mtoto anang'olewa meno yasiyo na kosa, inaweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 au 2, na ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa haraka zaidi. Dawa zake zinajulikana tangu miaka mingi na Muhimbili zipo. Familia inayouza shamba na kungoja pasipoti miezi 2 imempa Burkitt miezi 2. Muhimbili, kwa ushirikiano na shirika la hisani la Tumaini la Maisha, mtoto anatibiwa bila mzazi kulipia. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani wanapona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki 30. Miongoni mwa sababu linazozitaja ni kuchelewa kugunduliwa na kuachwa kwa matibabu. Hizo mbili tunaweza kuzishughulikia hapa hapa.

Saratani haiambukizi. Walimu, msimtenge darasani. Kinyume chake ndicho cha kuogopa: surua na tetekuwanga za wenzake ndizo zinazoweza kumuua, kwa hiyo pakizuka mgonjwa skuli nijulisheni siku hiyo hiyo, na ndugu zake nyumbani wakamilishe chanjo zao.

Yule bibi aliniuliza wakati anafunga mkoba: "Sasa lini utaniambia kapona?" Nikamfungulia daftari la mjukuu wake. Kidonge cha mwisho kimepangwa baada ya miezi 14. Baada ya hapo kupima damu kila mwezi kwa mwaka wa kwanza, kwa kuwa ugonjwa ukitaka kurudi mara nyingi hurudi karibu na kumaliza dawa, kisha tutaachanisha tarehe polepole. Akaniomba nimwandikie miezi yote 14 kwenye karatasi moja kubwa ya kubandika ukutani. Nikamwandikia, na kila Ijumaa nikaizungushia wino mwekundu.