"Mahitaji yasiyotimizwa" sio idadi ya wanawake waliokosa huduma

Juzi tena nimemsikia mtu anasoma ripoti, asilimia kadhaa ya wanawake wana mahitaji yasiyotimizwa ya uzazi wa mpango, akamalizia "yaani hao walienda kliniki wakakosa". Hapana jamani. Hii nimeisikia mara nyingi mno na inaniuma, maana pesa za afya ya wanawake zinafuata vile tunavyozisoma hizi namba.

Maana yake kwa kifupi: mwanamke anayeweza kushika mimba, ana mume au mwenza, hataki mtoto tena au hataki kabla ya miaka 2 kupita, na hatumii njia yoyote. Mjamzito naye anaingia kama mimba aliyonayo hakuitaka au imewahi kuliko alivyotaka.

Sasa rudi usome tena taratibu, hamna mahali ambapo mwanamke kaulizwa kama anahitaji njia. Kwenye dodoso za DHS, zile tafiti za afya zilizoanza 1984 zikazunguka nchi nyingi zinazoendelea, anaulizwa ungependa kupata mtoto mwingine, ungependa usubiri muda gani, kwa sasa unatumia chochote kuzuia mimba. Majibu yanaingizwa kwenye hesabu na hilo "hitaji" linapatikana huko kwenye kompyuta, mwenyewe keshaendelea na shughuli zake na neno hitaji hakulitamka hata mara moja.

Mwanzo wake ni tafiti za KAP za miaka ya 1960, yaani maarifa, mitazamo na vitendo. Watafiti waliona wanawake wengi wanasema hawataki kuongeza watoto na bado hawatumii kitu, wakaita hilo pengo. Mimi naona pengo lilikuwa neno zuri, linasema tu kwamba hiki na kile havijakutana, sababu hujaambiwa, inabidi uulize. Baadaye pengo likawa hitaji, na kwa Kiswahili ndo imekuwa shida zaidi, maana hitaji na haja ni mzizi mmoja wa Kiarabu, na ukisema fulani ana haja na kitu kila mtu anaelewa kwamba anakitaka mwenyewe.

Na sababu zilishaulizwa. Mwaka 2016 Guttmacher, taasisi ya Marekani inayotafiti afya ya uzazi, ilichambua tafiti za nchi 52, na kwa walioolewa wenye hilo "hitaji" jibu lililoongoza lilikuwa hofu ya madhara ya njia zenyewe, 26%, wakifuatiwa na wasiokutana na waume zao mara kwa mara, na wale ambao wao au watu wao wa karibu wanapinga. Waliosema hawajui njia yoyote au hawana pa kuipata walikuwa wachache. Sasa ukiongeza maboksi ya vidonge, yule anayeogopa madhara umemsaidia nini?

Kinachoniuma zaidi ni jinsi hesabu hii inavyowapanga watu. Mwanamke kawekewa kijiti cha kuzuia mimba mkononi, wiki ya tatu damu haikati, anarudi kuomba kitolewe anaambiwa vumilia mama mwili utazoea. Huyo anahesabika mahitaji yake YAMETIMIZWA. Halafu kuna anayechoma sindano kwa siri, mdodosaji anamuuliza na mama mkwe yuko chumba cha pili anasikia, anajibu situmii kitu, anaandikwa hayajatimizwa. Ukisema unapima haki ya mwanamke juu ya mwili wake kwa hiyo namba peke yake, hawa wawili umewapanga kinyume.

Sisemi namba itupwe, ina kazi yake. Ila ukiikuta isome hivi: wanawake ambao kwa sasa hawataki mimba na wamesema hawatumii njia. Kama unataka kuongelea waliokosa huduma, tafuta utafiti uliowauliza hilo swali lenyewe, na waliotaka kuacha njia wakakataliwa nao uwatafute.